Kalamu Zisizotengenezwa Tena

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Yamechapwa kama yalivyosomwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu tuliopita hapa, na ninyi vijana mliowekwa viti vya nyuma kama tulivyowekwa sisi:

Nimepewa dakika ishirini niseme juu ya kalamu. Mwenyekiti amekwisha kuwatangazia kwamba baada ya chai kutakuwa na kura, na kura yenyewe inahusu sanduku hili lililo mezani. Kwa hiyo msidhani nimekuja kuwaburudisha tu. Nina upande wangu katika jambo hili, na nitausema waziwazi.

Ndani ya sanduku mna kalamu za wino 34. Zilikuwa mali ya mwenzetu wa Kidato cha Nne mwaka 1967, aliyefariki mwaka juzi. Alizikusanya kwa zaidi ya miaka arobaini, kutoka kwa makarani waliostaafu, katika minada ya vitu vya ofisi, na kwa wachuuzi wa vitu chakavu Kariakoo na Darajani. Shemeji yetu amezileta shuleni kwa kuwa marehemu aliacha karatasi yenye maneno machache: ziende shuleni, ziandikiwe. Kamati yetu, kwa nia njema kabisa, inapendekeza ziuzwe zote kwa mnunuzi wa ng'ambo, na fedha zitengeneze paa la maktaba. Paa hilo linavuja. Nimekaa chini yake mwezi wa Aprili, na sina la kubisha.

Lakini kabla hamjapiga kura ni haki mjue mnauza nini.

Nianze na vijana. Ninyi mmezaliwa mkakuta biro na biki, na huenda hamjui kwamba majina yote mawili ni ya watu. Bíró alikuwa Mhungaria aliyehamia Argentina. Bich alikuwa mtu wa Ufaransa, na kalamu yake ya bei rahisi ilianza kuuzwa mwaka 1950. Hata hivyo, mwanzoni kalamu ya kidonge haikuwa rahisi. Oktoba 1945 Mmarekani mmoja, Milton Reynolds, alianza kuiuza New York kwa dola 12 na senti 50, na watu wakapanga foleni dukani. Kwa fedha hiyo hiyo mtu angeweza kununua Parker 51 yenye nibu ya dhahabu. Bei ya kalamu za kidonge ikashuka mwaka hadi mwaka, na viwanda vya kalamu za wino vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine.

Kalamu ya wino ni chombo chepesi kukieleza na kigumu kukitengeneza. Wino hupita katika mfereji mwembamba chini ya nibu kwa njia ile ile mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Kila wino unapotoka, hapana budi hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, kalamu hukauka. Ikiingia ovyo, kalamu humwaga wino juu ya daftari na juu ya shati. Lewis Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa ulimi wenye mifereji uliopatanisha mambo hayo mawili, na hadi leo kalamu za wino zinafuata kanuni hiyo. Ndiyo sababu pia kalamu iliyobaki na wino nusu hutapika ukiiweka mfukoni wakati wa joto: hewa iliyo ndani inapata moto, inatanuka, na inausukuma wino nje. Kwa hali ya hewa yetu, dawa ni kuijaza kalamu yako tele kabla ya kutoka nyumbani.

Likabaki swali la pili: wino utaingiaje ndani? Katika swali hilo wahandisi walipoteza akili zao, nami nasema hivyo kwa kuwasifu. Kalamu za mwanzo zilijazwa kwa kitone, kama dawa ya macho. Kisha Conklin wa Toledo, katika jimbo la Ohio, wakatia mfuko wa mpira ndani na kipande cha chuma chenye umbo la mwezi mwandamo kilichochomoza ubavuni. Ukikibonyeza, mfuko unabanwa. Ukikiachia, unavuta wino. Mwandishi Mark Twain aliisifu kalamu hiyo mwaka 1903, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba kile kimwezi kiliizuia isibingirike na kuanguka mezani, kwa hiyo ilimpunguzia matusi. Mwaka 1908 sonara mmoja wa Fort Madison, Iowa, aitwaye Walter Sheaffer, alipata hataza ya kikono kinacholala sawa na ubavu wa kalamu. Waingereza wa De La Rue walikuwa wamekwisha kutoa Onoto mwaka 1905. Katika hiyo unavuta fimbo kutoka nyuma, unaisukuma ndani, na inaacha utupu nyuma yake; fimbo ikifika mahali ambapo tumbo la kalamu limepanuliwa, utupu unafunguka na wino unaingia kwa mkupuo mmoja. Hakuna mfuko wa mpira. Onoto iliachwa kutengenezwa mwaka 1958, na mimi sijaona kalamu nyingine inayojaa kwa raha kama ile.

Katika sanduku hili mna Onoto moja. Tena mna Sheaffer Snorkel tatu, na hizo nataka niziseme polepole.

Snorkel ilitoka mwaka 1952, ikafa mwaka 1959. Ukizungusha kitasa cha nyuma, chini ya nibu hutokeza mrija mwembamba kama mdomo wa mbu. Unavuta kitasa hadi mwisho, unachovya mrija peke yake katika wino, kisha unasukuma. Hewa iliyofungwa ndani inaubana mfuko wa mpira. Mwisho wa safari hewa inapata pa kutokea, na mfuko unajitanua na kunywa. Unahesabu hadi kumi, unazungusha, mdomo wa mbu unarudi ndani. Nibu haijalowa, vidole havijachafuka, wala hukuhitaji kitambaa. Haya yote, vijana, kwa ajili ya kumwokoa mtu asiifute nibu! Kalamu hiyo ina vipande vingi vidogo, na vyote lazima vikae mahali pake. Iliachwa kwa sababu ilikuwa ghali kutengeneza na ngumu kurekebisha, wakati ambapo dunia ilikuwa inakwenda kwenye biro na kwenye vichupa vya plastiki vya kuchomeka. Ubaya haikuwa nao. Barua niliyopokea kutoka kwa marehemu mwaka 1983 aliiandika kwa mojawapo ya Snorkel hizi. Alikuwa na desturi ya kutaja jina la kalamu chini ya saini yake, kama mtu anayekuletea salamu za mwanawe.

Parker nao wakataka kuwapita. Mwaka 1956 walileta Parker 61, ambayo haikuwa na kikono, fimbo wala kitasa. Unaifungua, unaisimamisha kichwa chini miguu juu ndani ya kidau, yaani mkia ndio unaoingia katika wino, na inajaa yenyewe kwa kunyonya kama utambi. Hata nje ya kile kikopo cha ndani walipaka Teflon ili wino usishike. Wazo zuri sana, lakini mwenye kalamu akisahau kuiandikia kwa muda, wino unakauka ndani, na kuutoa ni kazi ya siku nyingi. Baadaye Parker wenyewe waliacha mtambo huo wakaweka wa kawaida. Tunazo mbili. Mmoja wa wenzetu alinicheka aliponiona nimeziloweka na kubadilisha maji kila asubuhi kwa wiki tatu. Sasa zinaandika, na yeye ndiye wa kwanza kuja kuomba moja.

Zilizobaki ni hizi: Parker 51 kumi na moja, Hero za Kichina saba, Esterbrook tano, Conway Stewart nne, na moja ambayo nitaisema mwisho.

Parker 51 wengi wetu tunaijua kwa sura hata kama hatukuwahi kuimiliki. Ndiyo kalamu iliyokuwa mfukoni mwa mkuu wa ofisi, nibu yake imefunikwa hadi karibu na ncha kama mtu aliyejitanda kanga. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1941. Nyingi za sanduku hili zimeandikwa kuwa zimetengenezwa Uingereza, ambako Parker walikuwa na kiwanda Newhaven hadi kilipofungwa mwaka 2010. Mwaka 2021 jina la 51 lilirudishwa madukani, ila ni kalamu nyingine, yenye kifuniko cha kuzungusha. Ya zamani kifuniko chake kinasukumwa tu kikajishika. Wachina waliifuata sura hiyo walipotengeneza Hero, na Hero ndiyo iliyonisomesha mimi. Nasikia watu wakiidharau kwa kuwa ni ya kuiga. Mwenye kuidharau aje na yake tushindane kuandika kurasa kumi.

Conway Stewart zilikuwa kalamu za London, za bei ya kadiri na rangi za kupendeza mno: mabaka ya kijani, kahawia yenye mishipa kama marumaru. Kampuni ya asili ilifungwa mwaka 1975. Hapa nina onyo. Baadhi ya kalamu hizo zimetengenezwa kwa kasini, nayo kasini hutokana na maziwa. Ndiyo, maziwa ya ng'ombe. Kasini hunywa maji. Mwenzetu mmoja, sitamtaja na yeye anajijua, alitaka kunisaidia akaiweka moja kwenye glasi ya maji usiku kucha. Asubuhi imevimba na kupindika kama muhogo uliolala mtoni. Zile nyeusi za zamani ambazo ni za ebonaiti, yaani mpira uliogeuzwa mgumu, nazo maji na jua huzigeuza rangi ya tope. Kwa hiyo mtu asikwambie kuna njia moja ya kuosha kalamu. Kwanza uijue ni kitu gani.

Sasa nifike penye jambo lenyewe.

Tulipolifungua sanduku hili, kalamu zilizoandika baada ya kusuuzwa tu zilikuwa sita kati ya 34. Marehemu hakuziandikia kwa miaka tisa ya mwisho kwa sababu ya maradhi, zikakaa kabatini, kavu, zimetunzwa vizuri, hakuna aliyezigusa. Na hicho ndicho kilichoziua. Mfuko wa mpira huwa mgumu kama gome, kisha unavunjika vipande. Pete za kizibo katika kalamu kama Onoto husinyaa. Wino uliobaki hugeuka ganda katika mifereji. Zile sita zilizokuwa hai zote zilikuwa Parker 51 za kuanzia mwaka 1948, kwani kuanzia hapo Parker walitia mfuko wa plastiki badala ya mpira, na mifuko hiyo mingi bado inavuta wino leo.

Tangu wakati huo nimezifufua nyingine 19. Nasema nimezifufua, lakini nne kati ya hizo si kazi yangu. Zimefanywa na vijana wawili wa Kidato cha Pili waliokuwa wakija kukaa pembeni yangu kila Jumamosi. Wanajua kuipasha kalamu joto kidogo, la kuvumilika mkononi, ili sehemu ya mbele itoke bila kuvunjika. Wanajua kukwangua mpira wa zamani, kupima mpya, kuukata, kuubandika kwa shelaki ile ile ya mafundi seremala, kuupaka unga wa talki, na kungoja hadi kesho yake. Mifuko tunaagiza Uingereza. Mikono yangu imeanza kutetemeka, ninyi mnaiona, na macho yanataka taa mbili. Yao haitetemeki. Tisa bado hazijaandika, na Onoto ni mojawapo.

Watu wa kamati wananiambia: mzee, kalamu hizi hazitengenezwi tena, kwa hiyo ni mali. Nami nasema hapo ndipo hesabu inapokosewa. Kalamu isiyotengenezwa tena ni kalamu isiyo na duka la vipuri. Kuna ambazo ugonjwa wao unatibika hapa hapa na mtoto wa miaka kumi na tano, na kuna ambazo hazitibiki kokote. Hilo ndilo la kutazama.

Chukueni Esterbrook. Zilitengenezwa Camden, New Jersey, na kiwanda hicho kilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina limefufuliwa siku hizi na watu wengine, lakini kalamu si zile. Nibu ya Esterbrook ni kipande kimoja na ulimi wake, nayo hufunguliwa kwa vidole kama balbu. Ikiharibika unatia nyingine. Ukitaka nyembamba kwa hesabu na pana kwa kichwa cha habari, unabadilisha. Marehemu aliacha nibu za akiba ishirini na mbili kwenye kopo la dawa ya kikohozi. Kwa shule hakuna kalamu bora kuliko hiyo, na kwa mnunuzi wa ng'ambo haina thamani kubwa.

Halafu itazameni hii, ile niliyosema nitaitaja mwisho. Ni Parker T-1. Ilitoka mwaka 1970, dola 75, imetengenezwa kwa titani, madini ya vyombo vya anga, maana wakati huo watu walikuwa wametoka kutembea mwezini na kila kitu kilitaka kufanana na roketi. Nibu haikuchomekwa, imechongwa katika kipande kile kile unachoshika kwa vidole, na chini yake pana skrubu ndogo ya kurekebisha. Titani ilikuwa shida kuifanyia kazi, na mwaka uliofuata Parker waliacha kuitengeneza. Ni nzuri, sikatai. Lakini ikianguka mara moja kwa ncha juu ya sakafu hii ya saruji, basi. Huwezi kubadilisha nibu, kwa sababu nibu ndiyo kalamu yenyewe. Kumpa kijana wa shule kalamu hii ni kumtia roho juu bure.

Nimeisoma barua ya mnunuzi. Ametoa bei moja kwa sanduku zima. Kalamu alizozitaja kwa jina ni tatu, T-1 ikiwa ya kwanza, na nyingine 31 ameziita nyinginezo. Hizo nyinginezo zina majina ya watu yaliyochorwa ubavuni, vifuniko vina alama za meno, na hazina maboksi yake. Wanunuzi hawapendi kalamu ya namna hiyo. Mimi napenda. Juu ya Parker 51 moja limechorwa jina la karani wa reli na mwaka wa kustaafu kwake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na Katibu aliandike. T-1 iuzwe peke yake, kwa mnada wa haki, wala asipewe mtu wa kwanza aliyeandika barua. Fedha yake iende kwenye paa. Haitatosha paa lote, na atakayesema itatosha hajauliza bei ya mabati. Yaliyopungua tuchangie sisi tuliokula nauli ya mabasi mawili kuja kula pilau hapa. Kalamu 33 zibaki maktaba, ziazimwe kwa daftari kama vitabu, kuanzia Kidato cha Tatu. Mwenye kuazima aandike jina lake daftarini kwa kalamu ile ile anayoichukua. Na wale vijana wawili wapewe meza, taa, na ufunguo wa kabati.

Nimeulizwa katika kamati: zikipotea? Zitapotea kadhaa. Zikivunjika? Zitavunjika. Miaka tisa ya kabati iliua 28 bila hata mtoto mmoja kuzigusa, sijui ni mwizi gani angefanya zaidi.

Vijana, yakipita hayo, haya ndiyo ya kushika. Tia wino wa kalamu tu, ule wa maji. Wino mweusi wa wachora ramani una gundi ndani yake. Ukikauka humo, ndiyo mwisho. Wino wa mihuri hali kadhalika, na nimewahi kukuta kalamu tatu zilizouawa kwa huo. Msioshe kwa spiriti, kwani huyeyusha shelaki na hula baadhi ya plastiki za zamani. Maji baridi yanatosha, na kila aina kwa namna yake kama nilivyoeleza. Usikandamize, biro ndiyo inayotaka kukandamizwa, hii inataka kuguswa. Ufa wa nibu utazame juu. Usiposikia karatasi ikilia, unaandika sawa.

Wazee wetu walituambia kalamu ya mtu haiazimwi, eti inazoea mkono wa mwenyewe. Mna ukweli kidogo. Kile kidonge kigumu kilicho ncha ya nibu husagika upande mmoja kadiri ya mwandiko wa mtu, lakini hilo huchukua miaka. Katika Parker ile ya karani wa reli utalihisi: inakwaruza ukiishika wima, na ukiilaza kidogo kuume inateleza kama mafuta. Alikuwa anailaza kuume.

Chai iko tayari, naona Mwenyekiti anatazama saa. Kalamu ziko juu ya meza, zimejazwa, na karatasi zipo. Kila mtu aandike jina lake kwa anayoitaka kabla hajaenda kwenye sanduku la kura. T-1 nimeifunga kwa kitambaa. Atakayeijaribu aijaribu akiwa ameketi. Na kama kuna aliyekuja na kidau cha Quink, ninacho kimoja tu na kimebaki robo.